Mwanaisha, uliza taka zinamwagwa wapi

Mwanangu Mwanaisha,

Nakuandikia kwa simu ingawa uko chumba cha pili wapanga sanduku, manake tukianza kuongea mamako ataingilia na wewe utaniambia "baba nshaelewa" kabla sijafika mwisho. Isome ukiwa kwa ndege ama ukishafika Benguerir huko Moroko, lakini isome yote.

Tangu nione ile habari ya Gabès moyo wangu hautulii. Uliiona, mwezi wa Oktoba 2025, watoto wa shule kule Tunisia watolewa darasani hawawezi kupumua wapelekwa hospitali, halafu mji mzima ukatoka barabarani na maduka yakafungwa, watu wataka kile kiwanda kiondoke. Na kiwanda chenyewe ni cha mbolea. Nikafuatilia nikaona kiko pale ufuoni tangu miaka ya 1970, taka zake zaingia baharini, wavuvi wa ile ghuba wamelalamika miaka na miaka, serikali ikaahidi 2017 kwamba itakivunja na mpaka 2025 bado kinatoa moshi. Najua Tunisia si Moroko, usinirekebishe hapo. Mawe ya fosfeti ya kutengenezea mbolea ni yale yale na kazi ni ile ile, na wewe ndio waenda kuisomea.

Sikukatazi. Hilo lijue mwanzo, nisije nikasikia umemwambia shangazi yako ati baba hataki niende. Nimefurahi mpaka nimewaambia watu wote msikitini, binti yangu amepata skolashipu ya kemia ya mbolea, na wako wazee pale waliokuwa wakiniuliza nasomesha msichana hayo mambo ya asidi ya nini. Ila ungeniambia mapema. Kusikia kwa mamako wakati viza ishatoka, hapo uliniumiza, na sisemi zaidi.

Sasa nisikilize. Ulivyonieleza mwenyewe, mawe ya fosfeti yasagwa, yatiwa asidi ya salfa, yatoka asidi ya fosfori, na hiyo ikichanganywa na amonia ndo mbolea ya DAP. Sawa. Lakini ukasema pia, tena ukasema haraka haraka kama kitu kidogo, kwamba kila tani moja ya ile asidi ya fosfori huacha kama tani tano za taka ya jasi, na ile jasi ina mionzi kidogo, ina kadimiamu ambayo ni metali ya sumu, na vitu vyengine vilivyokuwa ndani ya mwamba. Tani tano kwa moja! Mimi ni mtu wa bandari, mzigo naujua, tani tano lazima ziwe mahali. Ama zimerundikwa mlima ama zimemwagwa baharini, na karibu na huo mlima ama hiyo bahari kuna mtu yuwaishi na watoto wake. Marekani kule Florida wao hurundika, na 2021 bwawa lililokaa juu ya mrundiko pale Piney Point likaanza kuvuja, ikabidi wafungulie maji machafu zaidi ya lita milioni 800 yaingie Tampa Bay. Hiyo ni Marekani, nchi yenye mainjinia na pesa.

Kwa hivyo swali langu kwako ni moja na ntalirudia mpaka ulichoke: taka zinamwagwa wapi? Ukipelekwa kiwanda chochote, wakikuonyesha maabara na mashine mpya na kukupa kofia, wewe uliza hilo. Wakikuambia zinashughulikiwa, uliza zashughulikiwa wapi, na uende upaone kwa macho yako.

Wewe umezaliwa Mombasa, sina haja ya kukwambia habari ya kile kiwanda cha mtaa wa Owino Uhuru. Ulisoma na watoto wa kule. Ile nayo ilikuwa kazi nzuri kwa karatasi, kuyeyusha betri za zamani watoe risasi, ile metali nzito yenye sumu, watu wapate ajira, na moshi na maji yake yakaingia kwa nyumba za watu mpaka watoto wakapimwa damu wakakutwa na risasi. Kilifungwa 2014. Korti ikatoa hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na bado kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu Desemba 2024. Mama Phyllis Omido alifanya kazi pale pale ndani, akamnyonyesha mtoto wake sumu bila kujua, kisha ndo akasimama kuwapigania watu wa kule. Wale waliosomea kemia na kupima na kusema kila kitu kiko sawa, sijui walikuwa watoto wa nani.

Lakini pia sitaki uende huko uanze kuongea kama wale wasemao mbolea yote ya kiwandani ni sumu turudi kwa samadi tu. Shangazi yako Shimba Hills 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipopita shilingi elfu sita, alipanda bila mbolea. Nilienda kumuona. Mahindi yamedumaa, majani yamegeuka zambarau pembeni, kigunzi akimenya ni chembe chache tu upande mmoja. Wewe ndiye uliyeniambia ile zambarau ni njaa ya fosforasi na kwamba hakuna kitu chengine duniani chashika nafasi yake, si kwa mmea si kwa mfupa wa binadamu. Ruzuku ilipokuja mfuko ukawa 3,500, na mwaka wa pili 2,500, alipata mavuno na watoto wakarudi shule. Kwa hivyo nani amwambie yeye asinunue? Mimi siwezi. (Mkumbushe chokaa, DAP yazidisha asidi kwa shamba lake na hanisikii mimi, wewe atakusikia.)

Na mimi hiyo mbolea nimeihesabu gatini tangu kabla hujazaliwa, ndo imekusomesha. Kreni yachota kwa tumbo la meli, yamwaga kwa hopa, vijana chini washona mifuko, zile chembe za kijivu zikishika jasho zawasha mikono mpaka usiku, na vumbi lake walifunga kwa shati mdomoni. Karatasi zilisema meli gani, imepakia bandari gani, tani ngapi. Jiwe limechimbwa ardhi ya nani hapakuwa na safu ya kuandika hilo, na hakuna aliyeuliza, na kalamu nilikuwa nayo mimi.

Ndo maana ile habari ya meli ya NM Cherry Blossom haijanitoka. Mei 2017 ilipita Port Elizabeth Afrika Kusini na shehena ya fosfeti zaidi ya tani elfu hamsini yaenda New Zealand, ikazuiwa pale kwa amri ya korti, manake ule mzigo ulichimbwa Bou Craa, Sahara Magharibi, nchi inayoshikiliwa na Moroko, na Wasahrawi wenyeji wa pale wakasema ni mali yao na hakuna aliyewauliza. Mwaka uliofuata korti ikawapa haki. Kwa mtu wa bandari hilo ni jambo kubwa sana, meli kusimamishwa kwa sababu ya swali la jiwe limetoka wapi! Pale Bou Craa kuna ukanda wa mashine wabeba mawe karibu kilomita 100 jangwani mpaka baharini, na Umoja wa Mataifa mpaka leo wahesabu ile ni nchi ambayo watu wake hawajaamua mambo yao. Hata sisi Kenya twajikwaa hapo, 2022 rais aliandika Twitter kwamba tumeacha kuitambua Sahara Magharibi kama nchi ya Wasahrawi, ikafutwa, kisha wizara ikatoa barua kusema msimamo haujabadilika, na katika yale mazungumzo mbolea ilitajwa.

Sasa huko Moroko hili jambo ni kali, usilipigie domo kwa mkahawa wala kwa Facebook, wewe ni mgeni na niko mbali siwezi kukufikia. Lakini kwa kazi yako ya shule ukiandika sampuli ya mwamba imetoka wapi, andika pahali penyewe. Hilo wanaweza kukuchukia nalo, na mimi ntasimama na wewe.

Wala usidhani pesa huponya. Soma habari ya Nauru, kisiwa kidogo kule Pasifiki, kimechimbwa fosfeti tangu mwanzo wa miaka ya 1900 na Waingereza na Waaustralia, wakapata uhuru 1968 wakaendelea kuchimba wenyewe wakawa matajiri wakubwa, na sasa kama asilimia 80 ya ardhi ni nguzo za mawe makali hata mhogo haushiki. Jirani zao wa Banaba walihamishwa 1945 wakapelekwa Rabi huko Fiji. Yale mashamba yaliyonawiri kwa mbolea ile yako Australia na New Zealand.

Ukipewa nafasi ya kuchagua cha kusomea, chagua kadimiamu. Ulaya tangu 2022 wameweka mpaka, miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosforasi ndani ya mbolea, ikipimwa kama P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni yake, kwa sababu yaharibu figo na mifupa. Nataka kujua ile inayopita mpaka huo yapelekwa kwa nani. Naogopa ni kwa shangazi yako. Na hapo pia, ukishaitoa kadimiamu kwa mbolea, itakuwa imekaa mahali. Uliza zamwagwa wapi.

Mengine ni ya nyumbani. Bibi yako presha imeshuka alhamdulillahi lakini hataki dawa mpaka umpigie wewe, kwa hivyo piga kila Ijumaa. Maji ya mfereji hayajatoka tena, twanunua ya mkokoteni, lile tangi kubwa ntalitoa kwa malipo yangu ya mwisho usijitie kutuma pesa ya skolashipu, hiyo ni ya chakula chako. Ile koti ya mamako ichukue, Benguerir usiku wa Januari si kama Kisauni. Salim ntamlipia muhula huu, wa pili tutaona. Karatasi zako za cheti halisi ziko kwa kabati ya bibi, umebeba kopi, ukihitaji halisi niambie nitume na mtu, si kwa posta. Na ukipata laini ya huko nitumie namba usiku huo huo hata kama ni saa nane.

Babako