Barua ya malalamiko: Bembea za kulalia na baridi ya mgongoni

Kikundi cha Wakulima wa Karafuu,
Wilaya ya Micheweni,
Kaskazini Pemba.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Kambi,
Mjini Unguja.

YAH: BEMBEA ZA KULALIA NA MIFUKO YAKE TULIYOUZIWA KWA AJILI YA DAGO LA KARAFUU

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni kwa niaba ya wakulima wenzangu wa vijiji vya karibu na Konde. Kabla ya msimu kuanza tulinunua kwenu bembea za kulalia pamoja na mifuko ya kulalia, seti nzima, kila seti na turubai na chandarua chake. Fedha tulizolipa ni michango ya watu wanaolipwa kwa pishi wanazochuma, na ya akina mama wanaokaa hadi usiku wakichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, yaani vijiti vyake. Stakabadhi nimeiambatisha.

Huenda hamkuwahi kukaa dago, yaani kambi ya shambani wakati wa kuchuma karafuu, kwa hiyo naomba nieleze kwanza tulichokuwa tunakitafuta. Karafuu ikishachambuliwa huanikwa juani siku kadhaa juu ya majamvi. Jioni hukusanywa na kufunikwa, na lazima wawepo watu wanaolala hapo hapo shambani, maana mvua ya ghafla ikiikuta wazi inaharibika, na mwizi akiikuta peke yake anaibeba. Ardhi ya mabonde yetu usiku huwa mbichi kwa umande, na chini kuna siafu na tandu. Ndiyo maana tulipenda wazo la kulala juu, kati ya miti miwili. Wazo hilo bado tunalipenda, na hatukuandika barua hii kulikataa.

Tulipokuja dukani tuliuliza swali moja tu la maana: je, wakati wa kipupwe, upepo wa kusi ukivuma, mtu mzima ataweza kulala humo hadi alfajiri? Muuzaji wenu alituonyesha lebo ya mfuko iliyoandikwa nyuzi joto 10 kwa tarakimu kubwa, akatuambia Pemba haijapata kufika huko, na kwamba watu wetu watalala wakitoka jasho.

Hawakutoka jasho. Kipimajoto tulichokitundika kwenye mti kilikuwa kinaonyesha nyuzi 22 usiku wa manane, na walinzi wetu walikuwa wanatetemeka. Kifua kina joto, tumbo lina joto, lakini mgongo, makalio na nyuma ya mapaja ni baridi tupu, baridi inayoingia taratibu hadi mtu hawezi tena kuipuuza. Vijana walishuka wakaota moto. Wazee, ambao kwa kweli ndio tuliowafikiria zaidi tuliponunua vitu hivi, waliamka na viuno vimekaza, na mmoja wao sasa haendi tena dago. Mlinzi anayekesha motoni usiku kucha mchana hawezi kugeuza karafuu wala kupanda mkarafuu, na kumpandisha juu mtu aliyekosa usingizi ni kumhatarisha.

Nilipiga simu ofisini kwenu. Nilijibiwa, kwa kicheko, kwamba Zanzibar hakuna baridi. Jibu hilo limetuuma kuliko hasara yenyewe, kwa sababu lilitolewa na mtu ambaye kazi yake ni kuvijua vifaa anavyoviuza.

Basi naomba niseme kinachotokea, kwa kuwa ofisi yenu haikutuambia. Mfuko wa kulalia haupashi mtu joto. Kinachomhifadhi ni hewa iliyotulia ndani ya pamba yake, inayozuia joto la mwili lisitoke. Ukiukalia mto wa usufi, unalala bapa. Mfuko nao ni vivyo hivyo: uzito wa mtu unaibana pamba yote iliyo chini yake, hewa inatoka, na kinachobaki kati ya ngozi na nje ni vitambaa viwili vyembamba. Kwenye godoro, jambo hilo halina madhara makubwa, kwa sababu godoro lenyewe linazuia. Kwenye bembea hakuna kitu chini. Upepo unapita moja kwa moja chini ya mgongo na kuchukua joto usiku kucha, na kitambaa cha bembea kinaunata mwili kiasi kwamba hata ubavuni pamba inabanwa. Ngozi ya binadamu ina joto la nyuzi 33 hivi. Hewa ya nyuzi 22 inayotembea inatosha kabisa kulimaliza. Watu waliozoea kulala kwenye bembea huko nchi za baridi huanza kuweka kinga ya chini hewa inapokaribia nyuzi 20, na upepo ukiwa mkali hawangoji hata ifike huko. Kwa hiyo Pemba ya mwezi wa Julai na Agosti imo ndani ya hesabu hiyo, na kicheko cha ofisi yenu hakikuwa na msingi.

Sasa kuhusu lebo. Imeandikwa kwamba mfuko umepimwa kwa kipimo cha ISO 23537, ambacho ni kipimo cha kimataifa cha mifuko ya kulalia. Katika kipimo hicho, sanamu la umbo la mtu linalopashwa joto huingizwa ndani ya mfuko, na mfuko hulazwa juu ya mkeka wa kuzuia baridi. Maana yake nambari mliyotuonyesha ni ya mtu aliyelala chini, juu ya mkeka. Haisemi lolote kuhusu mtu anayening'inia hewani. Tena kipimo hicho hutoa nambari zaidi ya moja: ya starehe, ambayo hukadiriwa kwa mwanamke, na ya kikomo, ambayo ni ya mwanamume aliyejikunyata akaweza kustahimili usiku. Ile 10 ya tarakimu kubwa ni ya kikomo. Ya starehe ni 14, nayo imeandikwa ndani, kwa maandishi madogo, pembeni ya maelezo ya kufua. Hakuna aliyetusomea hiyo, ilhali miongoni mwa walionunuliwa vifaa hivi wamo akina mama.

Ushauri pekee tuliopewa kwenye simu ya pili ulikuwa kuvaa koti la mvua ndani ya mfuko. Waliojaribu walilowa. Plastiki haipitishi jasho, na alfajiri nguo zilikuwa zimeloa na baridi imezidi. Naomba msimwambie mteja mwingine afanye hivyo.

Kilichotusaidia tulikipata wenyewe. Fundi cherehani mmoja wa Wete alitushonea mfarishi mnene, yaani shuka nene lililojazwa pamba, akautia lastiki kwenye pembe zote, tukautundika nje ya bembea, chini yake. Hapo pamba haikaliwi na mtu, kwa hiyo inabaki na hewa yake. Ilibidi urekebishwe kwa uangalifu, kwa sababu ukilegea unaacha nafasi na upepo unapita katikati, na ukikazwa mno unabanwa tena na kurudi kuwa kitambaa kitupu. Ulipokaa sawasawa, watu walilala hadi adhana ya alfajiri bila kushuka. Wengine wanatumia godoro jembamba la sponji ndani ya bembea. Linafaa pia, ila linateleza mtu akigeuka. Mifarishi ya aina hii hutengenezwa na kuuzwa nje kama sehemu ya kawaida ya bembea ya kulalia. Kwenye duka lenu haimo, na hakuna aliyetuambia kwamba ipo duniani.

Jambo jingine ni picha iliyo kwenye boksi. Inaonyesha bembea imekazwa karibu iwe sawa na ardhi, na mtu amelala amenyooka katikati. Bembea hulaliwa mshazari ili mgongo unyooke, na kamba huachwa iiname kiasi cha nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi. Kwa mwinamo huo kila upande unabeba mvuto ulio sawa na uzito wa mtu mwenyewe. Ikikazwa hadi nyuzi 10, mvuto unakaribia mara 3. Mshono wa bembea yetu moja uliachia kwa sababu ilifungwa kama picha yenu inavyoelekeza. Aliyekuwamo alianguka kwenye majani na hakuumia, alhamdulillahi.

Tunachotaka ni hiki. Mtuletee mifarishi ya chini kwa kila seti tuliyonunua, au mturejeshee bei ya mifuko yote pamoja na gharama za fundi. Bembea iliyoachia mshono mtubadilishie. Lebo na maelezo ya dukani yaseme wazi, kwa Kiswahili, kwamba nambari ya joto ni ya kulala chini juu ya mkeka, na nambari ya starehe iandikwe kwa ukubwa ule ule wa nambari ya kikomo. Picha ya boksi iondolewe. Na wale wanaopokea simu wafundishwe mambo niliyoyaeleza hapa, ili mkulima wa Pemba akiuliza kuhusu baridi ajibiwe kwa heshima na kwa ujuzi.

Tunahitaji jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, kwa kuwa uchumaji unaendelea na walinzi wetu wako shambani hivi sasa. Tusipolipata, tutayapeleka malalamiko haya, pamoja na lebo na bembea iliyochanika, kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Wasalaam,

Katibu wa Kikundi,
kwa niaba ya wanachama.

Viambatanisho: nakala ya stakabadhi, picha za lebo mbili za mfuko, ya nje na ya ndani, picha ya boksi, picha ya mshono ulioachia.