Malkia Victoria asisingiziwe maneno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie maneno yanayonasibishwa na Malkia Victoria wa Uingereza, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, kwa sababu mengi ya yale yanayorudiwa magazetini na mitandaoni hayana chanzo, ilhali yale aliyoyaandika mwenyewe yapo na yana ladha zaidi.

Mashuhuri kuliko yote ni ile kauli ya kununa, "Hatukufurahishwa", inayomfanya aonekane bibi asiyejua kucheka. Mjukuu wake, Princess Alice, alieleza uzeeni kwamba bibi yake alikana kuwahi kuitamka. Shajara za ujana wake, kwa kweli, ni za msichana aliyependa dansi, opera na kupanda farasi.

Shajara nazo zataka uangalifu. Alianza kuziandika mwaka 1832, akiwa na umri wa miaka 13, akaendelea karibu hadi kufa kwake. Baada ya hapo kitinda mimba wake, Beatrice, alizinakili kwa miaka mingi, akiondoa aliyoyaona hayafai kusomwa na watu, na kadiri alivyonakili ndivyo alivyoyachoma madaftari ya asili. Alikuwa akitekeleza agizo la mama yake, hilo sikatai, lakini hasara ni yetu: sehemu kubwa ya kinachosomeka leo kwenye intaneti, tangu shajara hizo zilipowekwa huko mwaka 2012, ni sauti ya mama iliyochujwa na kalamu ya binti.

Ndiyo maana mimi huziamini zaidi barua alizomwandikia binti yake mkubwa, Vicky, aliyeolewa Prussia, dola la Wajerumani, mwaka 1858. Humo mama wa watoto tisa, ambaye wachoraji walimwonyesha kama kielelezo cha familia yenye heri, anakiri kwamba uja uzito ulimdhalilisha na kwamba haoni uzuri wowote kwa watoto wachanga. Na mwanamke huyo huyo, aliyetawala nusu ya maisha yake bila mume, mwaka 1870 aliyaita madai ya haki za wanawake upumbavu mwovu. Mtu mwenye mikinzano ya namna hiyo hatoshi katika kijisentensi cha kubandikwa juu ya picha.

Kwetu Moshi lipo na jingine. Wageni husimuliwa kwamba Malkia alimtunukia mjukuu wake Wilhelm II, mwana wa Vicky na Kaisari wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mpaka ulioacha mlima upande wa Wajerumani ulitokana na mapatano ya serikali mbili ya mwaka 1886, na Wilhelm hakuwa Kaisari hadi 1888. Isitoshe, mwaka 1890, serikali ya Uingereza ilipotaka kuwaachia Wajerumani kisiwa cha Heligoland, katika mapatano yale yale yaliyoiweka Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza, Malkia alimlalamikia waziri mkuu wake, Lord Salisbury, kwamba kutoa ulicho nacho ni jambo baya siku zote. Hayo si maneno ya bibi wa kugawa milima.

Gazeti lako litakapomnukuu tena, litaje ni barua ipi au ni shajara ya tarehe gani, na lisipoipata, nafasi hiyo lipewe tangazo.

Wako,
Msomaji, Moshi