Nyanda za nyasi za Kansas zinastahili likizo ya familia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wazazi wenzangu wanaosoma gazeti hili wakiwa Marekani, pamoja na wale walioko nyumbani wanaopanga kuja kuwatembelea watoto na wajukuu wao. Kila likizo ya shule inapokaribia, miji inayotajwa ni ile ile ya pwani, na majimbo ya katikati kama Kansas na Nebraska tunayavuka kwa gari tukiwa tumekwisha kuamini kwamba hayana cha kuonyesha isipokuwa majani na upepo. Mimi ninaishi Kansas na ninalea watoto hapa, na ninasikitika kuona jinsi dhana hiyo inavyowapunja watoto wetu.

Nianze na majani yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Nyanda za nyasi ndefu ziliwahi kuenea katika ekari zipatazo milioni 170 za Amerika Kaskazini, na leo zilizobaki hazifiki asilimia 4. Plau ndiyo iliyozimaliza, hasa baada ya John Deere kutengeneza, mwaka 1837, plau ya feleji iliyoweza kupasua udongo mzito uliofungwa na mizizi. Sehemu kubwa ya zilizosalia iko katika vilima vya Flint Hills, mashariki mwa Kansas, ambako chini ya udongo mwembamba kuna mawe ya chokaa na gumegume yaliyowashinda wakulima, wakawaachia wafugaji.

Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Tallgrass Prairie, karibu na mji mdogo wa Strong City, mwendo wa takribani saa mbili kwa gari kutoka Kansas City. Ilianzishwa mwaka 1996, ina karibu ekari 11,000, na haitozi kiingilio, jambo ambalo mzazi mwenye watoto wanne hawezi kulipuuza. Nyati wa Amerika, ambao walikuwa makumi ya mamilioni kabla ya kuwindwa hadi wakabaki chini ya elfu moja mwishoni mwa karne ya 19, walirudishwa hapo mwaka 2009, na njia ya miguu inapita ndani ya malisho yao. Kanuni inamtaka mgeni akae umbali usiopungua mita 90 kutoka kwao, nami nawasihi wazazi wasiisogelee mipaka hiyo kwa sababu ya picha, kwani mnyama huyo ni mwepesi kuliko anavyoonekana. Zaidi ya wanyama kuna nyumba ya mfugaji iliyojengwa kwa mawe ya chokaa mwaka 1881, ghala lake kubwa la ghorofa tatu, na shule ya chumba kimoja iliyo juu ya kilima, ambamo watoto wa rika zote walisoma pamoja hadi mwaka 1930.

Majira ya kuchipua, wenye ardhi huichoma nyika hii kwa makusudi, maana bila moto miti huingia na kuzisonga nyasi, na majani machanga yanayofuata moto ndiyo yanayonenepesha ng'ombe. Mzazi aliyekulia katika jamii ya wafugaji atakuwa na mengi ya kumweleza mtoto wake hapo, pengine kuliko kibao chochote cha maelezo.

Hata hivyo, ziara inayoishia kwenye nyumba ya mfugaji ni ziara nusu. Mwendo wa kama nusu saa kuelekea kaskazini uko mji wa Council Grove, ambako jengo la Kaw Mission, lililojengwa mwaka 1851 kuwa shule ya wavulana wa Kaw, taifa la wenyeji wa asili wa eneo hili, limehifadhiwa kama makumbusho. Jimbo la Kansas lilipata jina lake kutoka kwa Wakaw, na mwaka 1873 serikali iliwahamisha hadi eneo ambalo leo ni Oklahoma. Wakati huo walowezi walikuwa tayari wanagawiwa ekari 160 kila mmoja chini ya Sheria ya Homestead, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1862. Ningeshauri familia ianzie Council Grove, ili watoto wanapofika kwenye zile kuta nzuri za mawe wawe wamekwisha kujua ardhi ilikuwa ya nani.

Kisha kuna Nicodemus, kaskazini-magharibi mwa jimbo, safari ya saa kadhaa ambayo kwa maoni yangu inafaa kupewa siku yake peke yake. Mji huu ulianzishwa mwaka 1877 na Wamarekani Weusi waliotoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Walikuta uwanda mtupu usio na miti ya kujengea, wakachimba makao ardhini, na baadhi yao walikata tamaa wakarudi walikotoka. Waliobaki walijenga makanisa, shule na hoteli. Mwaka 1888 reli iliyotarajiwa ikapita kwingine, na biashara nyingi zikaifuata. Lakini Nicodemus haukufa: tangu mwaka 1996 ni eneo la kihistoria la taifa, na kila mwishoni mwa Julai wazao wa waanzilishi hurudi kutoka majimbo mengine kusherehekea pamoja. Watoto wetu wenye asili ya Afrika, ambao shuleni husikia habari za walowezi kana kwamba wote walikuwa Wazungu, wanastahili kusimama mahali hapo na kuuliza maswali yao.

Kwa wanaofikiria kwenda, joto la katikati ya kiangazi ni kali na kivuli ni haba, hivyo Mei na Septemba ni miezi ya starehe zaidi, na Septemba ndipo nyasi huwa zimefikia kimo chake. Bebeni maji ya kutosha, vaeni suruali ndefu kwa ajili ya kupe, na waombeeni watoto kijitabu cha Junior Ranger (yaani mgambo mdogo wa hifadhi), ambacho wakikijaza hupewa beji.

Ndugu Mhariri, ukurasa wenu wa safari umekwisha kutuonyesha miji mingi mikubwa ya nchi hii. Ninaomba mtume mwandishi Kansas, na ikiwezekana afike Nicodemus wakati wa mkusanyiko wa Julai, ili azungumze na wazao hao wenyewe.

Wasalaam,
Mzazi na msomaji wenu,
Kansas, Marekani