Wingi wa wahojiwa hauwezi kuficha uteuzi mbaya wa sampuli

Kwa Mhariri,

Katika kuwasaidia wanafunzi wa vyuo hapa Mombasa kuandaa tasnifu zao, nimeona kwamba sura ya mbinu za utafiti hubeba karibu kila mara nambari zilezile: wahojiwa 384, 385 au 400. Nambari hizo zina msingi wake. Mtafiti anayetaka kukadiria asilimia ya watu wenye maoni fulani, kwa kosa lisilozidi pointi 5 juu au chini na kwa uhakika wa asilimia 95, hupata 384.16 akitumia kanuni ya Cochran ya kukokotoa ukubwa wa sampuli (yaani wale wachache wanaohojiwa kwa niaba ya wote), nayo hukamilishwa kuwa 385. Kanuni ya Yamane, ambayo nayo hukokotoa ukubwa huo, ikitiwa wakazi 1,208,333 waliohesabiwa katika Kaunti ya Mombasa kwenye sensa ya mwaka 2019, hutoa 400. Hesabu ni sahihi. Kinachonisukuma kuandika ni sharti lililo nyuma ya hesabu hizo, ambalo halitajwi hata katika tasnifu zinazopata alama nzuri: kwamba wahojiwa wamechaguliwa kinasibu, kila mkazi akiwa na nafasi sawa na mwenzake ya kuingia katika sampuli.

Mwanafunzi anayetaka kujua maoni ya wakazi wa Likoni kuhusu huduma za kivuko husimama kivukoni asubuhi na hojaji zake, akamhoji kila anayekubali kusimama hadi zote 385 zikajaa. Hapo amekutana na nani? Mfanyakazi anayevuka kwenda na kurudi siku tano za wiki hupita mahali hapo mara kumi, ilhali mama anayevuka mara moja kwa wiki kwenda sokoni hupita mara mbili tu, kwa hiyo nafasi ya mfanyakazi huyo kukutana na mtafiti ni takriban mara tano ya nafasi ya mama huyo. Wenye haraka, ambao pengine ndio waliochoshwa zaidi na foleni, hawasimami kujibu. Na wale ambao huduma iliwashinda kabisa, wakaamua kutafuta kazi upande wao wa maji au kupitia barabara ya Dongo Kundu kwa magari yao, hawapo kivukoni hata kidogo, ingawa maoni yao ndiyo yangefaa zaidi. Hata akihoji watu 4,000 mahali pale pale, atakuwa amelirudia kosa lile lile mara nyingi zaidi.

Jambo hili lilidhihirika Marekani katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma takriban kadi milioni 10 kwa watu ambao majina yao yalitolewa hasa katika orodha za wenye simu na wenye magari, likapokea majibu yapatayo milioni 2.4, na likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mtafiti wa kura za maoni aliyetumia sampuli ndogo mno kuliko hiyo lakini akijali muundo wake, alimtaja mshindi wa kweli. Katika miaka ile ya dhiki ya uchumi, orodha za simu na magari ziliwaacha nje maskini wengi. Tena waliojibu walikuwa kama robo tu ya walioandikiwa, na hawakufanana na walionyamaza. Ndiyo sababu haitoshi mwanafunzi kuandika kwamba asilimia 75 ya hojaji zilirudi na kwamba kiwango hicho kinakubalika. Aeleze pia ni nani hawakurudisha, na kwa nini anadhani wanafanana na waliorudisha.

Njia bora ipo, japo ina jasho. Tukitumia takwimu za sensa hiyo hiyo, wahojiwa 385 wakigawanywa kwa uwiano wa wakazi, Kisauni itapata 93, Likoni 80, Nyali 69, Jomvu 52, Mvita 49 na Changamwe 42. Ndani ya kila kaunti ndogo mitaa ichaguliwe kwa kura, kisha nyumba, kisha mtu mmoja katika kila nyumba, naye achaguliwe kwa kura vilevile, asiwe tu yule aliyefungua mlango. Ikiwa hayupo, mtafiti arudi jioni au Jumamosi, kwa sababu anayezunguka saa nne asubuhi peke yake atarudi na maoni ya wasiotoka nyumbani. Kwa kuwa majirani hufanana katika mambo mengi, mitaa iwe mingi na wahojiwa wa kila mtaa wawe wachache.

Hata baada ya kazi hiyo yote, uchanganuzi una mipaka yake. Kosa la pointi 5 ni la kaunti nzima. Kwa wale 42 wa Changamwe kosa hilo hufika takriban pointi 15, kwa hiyo anayetangaza kwamba Changamwe inaunga mkono jambo fulani kuliko Mvita kwa tofauti ya pointi 8 hana msingi wa kusema hivyo. Vivyo hivyo, programu ya kompyuta itatoa thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama iliyoonekana kwa bahati tu, ikiwa kwa kweli hakuna tofauti) iliyo chini ya 0.05 bila kuuliza data ilitoka wapi. Haina uwezo wa kujua kwamba wahojiwa wote waliokotwa kivukoni.

Natambua kwamba wanafunzi wengi hawana nauli ya kuzunguka kaunti nzima. Naomba basi wasimamizi wao wawaruhusu kupunguza swali badala ya kupunguza ukweli. Mwanafunzi akiorodhesha vibanda vyote vya sehemu moja ya soko la Kongowea, akachagua 60 kwa kura na kurudi hadi awapate wenyewe, tasnifu yake itakuwa na thamani kubwa kwangu kuliko ile yenye wahojiwa 400 waliopatikana popote, mradi tu kichwa chake kitaje sehemu hiyo ya soko na kisidai kuizungumzia Mombasa yote. Na yule ambaye hana budi kukusanya data kivukoni amuulize kila mhojiwa huvuka mara ngapi kwa wiki, ili anayevuka mara kumi apewe uzito ulio moja kwa tano ya ule wa anayevuka mara mbili. Swali hilo moja linaongeza mstari mmoja tu katika hojaji.

Nanyi wahariri, mnapochapisha matokeo ya kura za maoni, nawasihi mtueleze pamoja na asilimia hizo jinsi wahojiwa walivyopatikana, siku walizohojiwa, na idadi ya waliokataa kujibu.

Mkufunzi wa takwimu,
Tudor, Mombasa