Mlango wa kuzuia moto haununuliwi vipande vipande

Mhariri,

Mimi ni fundi seremala, na kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kufunga milango ya majengo ya ghorofa. Naomba nafasi nizungumze na wenye majengo, wachora ramani na wakaguzi.

Mwaka jana niliitwa kufunga milango ya ngazi katika hosteli moja. Milango ilikuwa mizuri, mizito, kila mmoja una kibandiko cha dakika 60, yaani muda wa kuhimili moto, ubavuni, upande wa bawaba. Fremu zilinunuliwa kwingine kabisa, mbao laini, hazina kibandiko chochote. Nilipousimamisha mlango wa kwanza, kidole changu cha shahada kilipita kati yake na fremu. Msimamizi akaniambia nigongee kipande cha ubao ubavuni, nipige rangi, maana mkaguzi huangalia kibandiko tu. Nilikataa, na kazi nikaikosa.

Hizo dakika 60 hupatikana kwenye tanuru la majaribio, na kinachotiwa moto humo ni mlango mzima pamoja na fremu, bawaba, kitasa na kioo kama kipo. Ukibadilisha fremu, majibu yale si ya mlango wako tena. Mwanya wa juu na wa ubavuni unatakiwa uwe kama milimita 3. Ndani ya mfereji wa ubavuni hukaa ukanda unaovimba ukipata joto na kuuziba mwanya huo. Ukanda huo mwembamba hauwezi kuziba nafasi ya kidole! Tena moshi hutangulia, hupenya kabla joto halijafika la kuuvimbisha, ndiyo maana mlango wa ngazi unahitaji pia mpira au brashi ya kuzuia moshi.

Dakika zenyewe huchaguliwa kwa kuangalia ukuta na mahali ulipo. Kwa kanuni za Marekani, ukuta wa ngazi unaohimili moto kwa saa 2 huwekewa mlango wa dakika 90, na ukuta wa korido unaohimili kwa saa 1 unaweza kuwa na mlango wa dakika 20. Kila nchi ina jedwali lake, lisomwe kabla ya kwenda dukani.

Linaloniumiza zaidi ni kifaa kinachoufanya mlango ujifunge wenyewe. Watu hukifungua wakihamisha vitanda, hawakirudishi, au huegesha mlango kwa tofali ili upepo upite. Januari 2022, huko Bronx, New York, moto ulianzia kwenye nyumba moja ya jengo la ghorofa na haukwenda mbali. Milango iliyopaswa kujifunga ilibaki wazi, moshi ukapanda ngazi, watu 17 wakafa. Walikuwamo watoto.

Kwa wachora ramani nina ombi moja. Ramani nyingi ninazopewa zimeandikwa “mlango wa moto” basi, na mnunuzi hutafsiri anavyotaka. Mwezi uliopita nilipata ramani ambayo kila mlango ulikuwa na namba, dakika zake, fremu yake, bawaba tatu za chuma, aina ya kitasa na kifaa cha kujifunga, vyote viwe vimepimwa pamoja. Mzigo ulifika umekamilika. Nilifunga milango minane kwa siku nne, na kila mmoja nikiuachia ulirudi mpaka ulimi wa kitasa ukaingia.

Fundi seremala, msomaji wenu