Barua kwa Mama, kuhusu Baba na maji

Manchester, Uingereza

Mama mpendwa, na ninyi nyote wa Buruburu,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi na wajukuu wako tu wazima, ila baridi ya huku ni kali. Kaka ameniambia misa ya kumkumbuka Baba itakuwa mwezi ujao na kwamba mngependa niandike maneno ya kusomwa baada ya komunyo. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliajiriwa lini, hayo yote mnayo kwenye kijitabu cha mazishi. Nitaandika ninayoyakumbuka mimi, kisha Kaka achague.

Ningependa watu wajue kwamba Baba, katika kazi yake ya uhandisi wa maji, alimfikiria kwanza aliye mwisho wa bomba. Alitueleza mezani, akichora nyuma ya pakiti ya unga iliyopasuliwa. Nyumba iliyo karibu na tangi, alisema, itapata maji hata mhandisi akikosea hesabu. Kazi inapimwa kwenye nyumba ya mwisho, saa kumi na mbili asubuhi, mtaa mzima ukioga na kila jiko lina sufuria ya chai. Kama presha haifiki pale, mradi haujakwisha, hata kama waziri ameshakata utepe.

Humo nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Mama, zile wiki zako za zamu ya usiku wodini, hukuona yote. Alipika ugali na sukuma, akafua sare zetu, na stima ikipotea alipiga pasi ya makaa akiwa bado amevaa viatu vya kazini vyenye tope. Kisha alimtafuta yule ambaye hajasema neno tangu jioni. Mara nyingi alikuwa Kitinda Mimba. Alikaa naye jikoni hadi aseme kilichompata shuleni, sisi wakubwa tukisubiri hesabu zetu zikaguliwe. Wakati ule nilimwonea wivu. Sasa nina watoto wangu, na kila jioni namtafuta aliyenyamaza.

Miaka ile alipokuwa kwenye ujenzi wa bwawa la Ndakaini, kule Gatanga, tulimwona kwa nadra, lakini Jumapili hakuikosa. Ujenzi ulianza 1989, ukakamilika 1994, na bwawa likaweza kubeba mita za ujazo milioni 70. Alitupeleka kuliona. Mnakumbuka mashamba ya chai pande zote, na Baba akinyoosha kidole kutuonyesha njia ya maji: kutoka hapa hadi mitambo ya Ng'ethu, yatiwe shabu ili tope litulie, yapite kwenye mchanga, yatiwe klorini, kisha yashuke kwa mteremko hadi matangi ya Gigiri na kuingia jijini Nairobi. Mlima unatufanyia kazi ya bure, alisema, na uso wake uling'aa kama wa mtoto.

Ila kulikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Gatanga, Murang'a, ndiko kwao, na maji ya Gatanga yalikuwa yakienda Nairobi huku Cucu, mama yake, akiteremka mtoni na mtungi mgongoni. Watu wa Murang'a wamelalamikia jambo hili miaka mingi, na Baba hakuwahi kuwaambia wamekosea. Kwa hiyo ile Krismasi hatukula sikukuu kwa raha. Alinunua mabomba ya plastiki kwa mshahara wake, akapima mteremko kutoka kwenye kijito cha juu, akatugawia majembe. Tulichimba mtaro sisi, binamu na majirani, mikono ikatoka malengelenge. Bomba halikuishia kwa Cucu. Alilivusha boma lake hadi kwa yule mjane wa chini kabisa, akafungua mfereji wa kule kwanza. Maji yalipotoka ndipo akarudi kufungua wa mama yake. Cucu hakumuuliza kwa nini. Alimpa uji tu.

Nilipohamia huku nilimpigia kumweleza kwamba sehemu ya maji ya Manchester hutoka ziwa Thirlmere, zaidi ya kilomita 150, bila pampu njia nzima. Yalianza kufika 1894, na njia yenyewe ya maji huteremka kama sentimita 30 tu kwa kila kilomita. Alicheka kwa furaha, akanitaka nirudie hizo sentimita. Kisha akauliza: na watu wa lile bonde je, walipata maji? Nikamwambia kulikuwa na vijiji vilivyozamishwa bwawa lilipojengwa. Alinyamaza kwa muda, akaomba nimtumie picha za mahali pale.

Mwaka 2017, maji ya Ndakaini yalipopungua sana na mgao ukaanza jijini, alikuwa ameshastaafu. Kaka ndiye aliyenisimulia kwamba siku ya zamu yetu, maji yakiingia tu, Baba alitoka kwenda kufunga koki ya nyumba yetu ili nyumba za mwisho wa mtaa zijaze kwanza. Ulilalamika, Mama, na ulikuwa na haki, nguo zilikuwa zimelowekwa. Hata hivyo, yule mzee wa nyumba ya pembeni kabisa alikuja kwenye matanga na kusimama kaburini hadi jioni. Nilimwona. Sikujua wakati ule ni kwa nini.

Kama Kaka anataka kipande kifupi cha kusoma, asome hicho cha koki. Mama, ukiona ni aibu kwa familia, basi asome cha mjane.

Lingine. Madaftari yake ya vipimo msiyatoe kwenye kabati hadi nije Agosti. Kuna ramani ya bomba la Gatanga humo, na fundi ataihitaji. Mvua hizi zikipungua, Kaka na Kitinda Mimba mpande juu mkazoe tope kwenye chujio pale kijitoni, maana Baba alikuwa akifanya hivyo kila baada ya masika. Pesa ya fundi nitatuma Ijumaa. Anzeni kwa kukagua mfereji wa kule chini.

Binti yenu