Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Nani anaufanyia mnazi utafiti?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kaloleni, Kilifi. Mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima wa minazi, na ninakuandikia kuhusu asilimia mbili.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda mfuko wa kitaifa wa utafiti, ikaitaka Hazina iutilie kila mwaka wa fedha kiasi sawa na asilimia 2 ya pato la taifa. Haikusema "ikiwezekana". Miaka mitatu kabla ya sheria hiyo, mwaka 2010, hesabu za UNESCO zilionyesha kwamba Kenya nzima, yaani serikali, vyuo, kampuni na wafadhili kwa pamoja, ilitumia kwa utafiti karibu asilimia 0.8 tu ya pato la taifa. Karibu nusu ya hiyo ilitoka ng'ambo. Mchango wa kampuni ulikuwa kama asilimia 4 ya matumizi hayo, ilhali Korea Kusini kampuni hubeba zaidi ya robo tatu ya gharama za utafiti.

Uchache wa fedha nimeuzoea. Linalonikera ni mahali zinapotua.

Chai ina watafiti wake Kericho, waliolelewa miaka mingi na tozo iliyokatwa kwenye chai yenyewe. Ndiko ilikotoka chai ya zambarau. Kahawa ina Ruiru, na mbegu ya Ruiru 11 ya mwaka 1985 imebeba jina la mji. IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ilipofungua maabara yake ya utafiti mwaka 2013, ilifungua Nairobi. Siwalaumu. Mwenye fedha zake huzipeleka anakoona faida.

Wala Kilifi hatuna uhaba wa maabara. Tangu 1989 KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na mfadhili wake Wellcome Trust ya Uingereza wanafanya kazi hapa, na watoto wetu walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Nawashukuru kwa dhati. Ila fedha za mfadhili huja na swali la mfadhili, na hakuna mfadhili aliyewahi kuniuliza habari za mdudu chonga.

Chonga, Mheshimiwa, hutoboa mnazi kileleni, kwenye kuti changa ambalo bado halijafunguka. Akiingia mpaka moyoni, mti umekwisha. Minazi yangu mingi aliipanda babu. Ni mirefu, mizee, na wagema vijana wanaikwepa. Nilikwenda ofisi moja ya kilimo kutafuta miche ya minazi mifupi, nikaandikwa jina kwenye daftari. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Nadhani daftari bado lipo.

Mnazi hauna kampuni kubwa ya kuusemea. Una wakulima wa ekari mbili tatu, akina mama wanaosuka makuti, wagema, na wauza madafu barabarani. Huwezi kuwakata hao tozo ya kuendesha kituo cha utafiti kama ilivyofanyika kwa chai. Hapo ndipo fedha ya umma inapotakiwa. Tunachokiona huku ni kwamba nayo hufuata njia ileile ya fedha za kampuni: inakwenda penye zao lenye soko la nje na wasemaji Nairobi.

Ninaomba mambo mawili. Utakaposoma bajeti mwezi Juni, tutajie ni kiasi gani cha ile asilimia 2 kimeufikia mfuko wa utafiti tangu 2013, mwaka kwa mwaka. Kisha orodha ya fedha hizo itolewe kwa kaunti na kwa zao, ikionyesha shilingi ya serikali, ya kampuni na ya mfadhili kila moja mbali, ili mtu wa Kwale au Tana River ajue lake ni lipi.

Mche wa mnazi mrefu huchukua miaka sita, saba kabla ya kuzaa. Mimi nina sabini na moja.

Wako mtiifu,
Mkulima wa minazi, Kaloleni, Kilifi